Nyumba za Lubumbashi na Wanaozilinda

Dominika moja baada ya Misa tuliwakusanya wanafunzi wetu wa darasa la sita mbele ya Kanisa Kuu la Watakatifu Petro na Paulo, tukawaambia kwamba siku hiyo somo la historia litafanyika kwa miguu. Walifurahi, kama watoto wote wafurahivyo wasipoona ubao wala chaki. Nasi tulifurahi, kwa maana tulidhani tunayajua yote tutakayowafundisha. Kumbe sivyo.

Tulianza na kanisa lenyewe. Lilijengwa yapata mwaka 1920, siku za Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, mmonaki Mbenediktini kutoka Ubelgiji. Tuliwaonyesha watoto matofali yake mekundu, tukawaeleza jinsi wafyatua matofali wa Katanga wapendavyo udongo wa vichuguu, vile vilima vya mchwa vinavyopita kimo cha mtu, kwa kuwa udongo huo hushikamana vizuri na kuchomeka vizuri. Kutoka hapo tukaenda hata sinagogi ya Wayahudi, iliyojengwa miaka ya 1929 na 1930 kwa michoro ya Raymond Cloquet. Wengi wa Wayahudi hao walitoka kisiwa cha Rhodes, na rabi wao Moïse Levy aliwachunga tangu mwaka 1937 hata mwaka 1991. Kisha tukafika penye jumba lililokuwa tamthilia ya mji, kazi ya Claude Strebelle na wenzake wa miaka ya 1950, ambalo watu sasa huliita Jumba la 30 Juni.

Hapo mwanafunzi mmoja, ambaye babu yake ni mtu wa Kamalondo, akainua mkono. Akauliza kwa heshima, lakini akauliza: Mwalimu, mbona tuzisifu nyumba ambazo babu zetu hawakuruhusiwa kuingia isipokuwa kwa mlango wa nyuma? Zikibomoka, sisi tumepoteza nini?

Wasomaji wapendwa, hatukuwa na jibu. Tulisema maneno machache juu ya uzuri wa ufundi, na mtoto akanyamaza kwa adabu tu. Tangu siku hiyo tumetafuta kujua ni watu gani katika mji huu wanaohangaikia majumba haya, na kwa sababu gani.

Kwanza yafaa tukumbuke swali la mtoto lilitoka wapi. Mji ulianza mwaka 1910, reli kutoka Rhodesia ilipofika, na Emile Wangermée akachagua mahali pa kuujenga karibu na mto Lubumbashi. Mwaka 1911 tanuru la kwanza likayeyusha shaba. Mji ukaitwa Elisabethville kwa heshima ya malkia wa Wabelgiji, hata mwaka 1966 ulipopewa jina la mto. Barabara zake zilipigwa mistari iliyonyooka na kukatana kama karatasi ya daftari la hesabu, na hiyo ndiyo sehemu ambayo leo ni komini ya Lubumbashi. Humo walikaa Wazungu. Waafrika walipewa mtaa wao upande wa kusini, ambao sasa ni komini ya Kamalondo, na katikati pakaachwa uwanda mtupu wa mamia ya mita. Wakubwa wa afya wa siku zile walisema kwamba mbu hawezi kuruka mbali namna hiyo, na hivyo malaria itabaki ng'ambo. Mwafrika alivuka uwanda huo asubuhi kwenda kazini, na jioni alirudi, maana hakuruhusiwa kuwa mjini usiku pasipo kibali.

Hata hivyo mchoro wa mji ni jambo moja, na mji wenyewe ni jambo jingine. Nyuma ya nyumba za Wazungu, kwenye pembe ya kiwanja, palikuwa na kijumba cha boi, naye alilala humo humo mjini. Tena palikuwapo Wagiriki, Wareno na Wahindi wenye maduka madogo, ambao watawala hawakujua vema wawaweke upande gani. Haya yameandikwa na Johan Lagae wa chuo kikuu cha Ghent pamoja na mwenzake Sofie Boonen, waliochunguza miaka ya kwanza ya mji huu kwa kusoma barua na ramani za zamani. Mtu asomaye ramani ya serikali peke yake hudhani watu walitengwa kabisa. Atazamaye viwanja na nyumba huona kwamba haikuwa hivyo.

Basi ni akina nani wanaozitazama nyumba?

Wa kwanza ni watu wa Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi. Nyumba hiyo ilianzishwa mwaka 1946 na Francis Cabu, na tangu mwaka 1970 iko chini ya Taasisi ya Makumbusho ya Taifa. Ndiyo kusema ni kazi ya serikali, si ya shirika la hiari. Lakini aliyeishi katika nchi hii miaka ya 1990, mshahara ulipogeuka kuwa karatasi tupu, ajua kwamba aliyeendelea kufungua mlango wa makumbusho kila asubuhi alifanya hivyo kwa hiari kweli kweli.

Wa pili ni waalimu wa Chuo Kikuu. Mwaka 2000 mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na wenzake, pamoja na Bogumil Jewsiewicki aliyefundisha Kanada, walianzisha kazi waliyoiita Kumbukumbu za Lubumbashi. Hawakuanza na majumba makubwa. Waliwaendea wazee wa mitaani, wake kwa waume, wakawauliza habari za kambi za Union Minière, za posho, za ndoa, za nyimbo. Na vitu vya nyumbani vikaonyeshwa katika makumbusho kama vile vyombo vya wafalme. Twakiri kwamba katika habari zote tulizokusanya, hii ndiyo iliyotugusa kuliko nyingine. Nyumba isiyo na sauti ya waliokaa ndani yake ni chungu la matofali tu.

Wa tatu ni wale waliohesabu nyumba zenyewe. Hubert Maheux, Mfaransa aliyekuwa mkurugenzi wa Halle de l'Étoile, kituo cha utamaduni wa Kifaransa mjini, alikuwa mtu wa urithi wa majengo kwa taaluma yake. Yeye na wenzake walitaka majengo ya mji na ya viwanda yaandikwe na kupigwa picha kabla ya kutoweka, na mwaka 2008 kitabu kikubwa cha majengo ya Lubumbashi kikatolewa. Kwa kazi ya picha alimwita kijana wa mji, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, aliyesoma mambo ya fasihi katika Chuo Kikuu na kupenda kuchora vikatuni.

Baloji alitumwa kupiga picha za kuta. Alipofika kwenye viwanda vya Gécamines vilivyoachwa, akaona mabati yaliyotoboka na matanuru yaliyopoa, akajiuliza waliko watu. Akatafuta picha za kale za wafanyakazi, wengine wamesimama na vibao vya namba shingoni, akazikata na kuziweka juu ya picha zake za magofu. Ndiyo kazi yake ya mwaka 2006 iitwayo Mémoire. Mwaka uliofuata ilimpatia tuzo huko Bamako.

Mwaka 2008 Baloji pamoja na Patrick Mudekereza na marafiki wengine wakaunda shirika, wakaliita Picha. Si shirika la waashi, wala halina tingatinga. Ni shirika la wasanii. Lakini tangu mwaka ule limeandaa maonyesho makubwa ya mji, ambayo hurudi baada ya miaka miwili au mitatu, na kila mara swali la mji na majengo yake hutokea. Mudekereza, ambaye ni mwandishi na alisomea kemia ya viwandani, baadaye aliongoza kituo kingine cha sanaa, nacho kikaitwa Waza. Tazameni majina hayo mawili. Katika mji ambao vibao vingi ni vya Kifaransa, hawa walichagua maneno ambayo mama auzaye mboga huko Katuba huyaelewa bila mkalimani.

Msidhani kwamba shirika la namna hii lina jumba lenye makarani wengi. Katika Kongo mashirika yasiyotafuta faida hufuata sheria ya tarehe 20 Julai 2001: wanachama hukutana, huchagua wasimamizi, hawagawani faida. Mwenyekiti huandika barua za kuomba msaada, na pengine ndiye abebaye ngazi. Atunzaye hesabu hutakiwa kumwonyesha mfadhili wa Ulaya stakabadhi ya msumari ulionunuliwa kwa mtu asiye na stakabadhi. Yuko mlinzi wa usiku pia. Hao hawaandikwi katika vitabu.

Na sheria ya kulinda majengo? Ipo, tena si mpya. Sheria ya tarehe 15 Machi 1971 yaipa serikali nguvu ya kuorodhesha jengo lenye thamani ili lisibomolewe ovyo. Lakini lisiloandikwa halina wa kulitetea. Baada ya Kanuni ya Migodi ya mwaka 2002 fedha ya shaba na kobalti ilirudi mjini, viwanja vya komini ya Lubumbashi vikapanda bei, na nyumba ya baraza pana yenye paa la bati ikawa kizuizi mbele ya mtu atakaye kujenga ghorofa ya maduka. Hatumlaumu mwenye kiwanja, maana ana watoto wa kusomesha. Twasema tu kwamba asubuhi nyumba ipo, na jioni ni kifusi, na hakuna hata picha moja.

Wengine nao wamepita njia hii. Asmara, mji mkuu wa Eritrea, ulijengwa sehemu kubwa na Waitalia waliowatenga wenyeji. Waeritrea wakauweka kuwa wao, na mwaka 2017 UNESCO ikauandika katika urithi wa dunia. Hawakusahau dhuluma kwa sababu ya uzuri wa kuta.

Jibu la swali la mwanafunzi wetu tulilipata mahali ambapo hatukutazamia: katika visanduku vya nzi. Mwaka 2013 Baloji alipanga picha za ule uwanda mtupu zilizopigwa kutoka angani, na kando yake picha za visanduku vya wadudu vilivyohifadhiwa katika Makumbusho ya Lubumbashi. Pamoja nazo aliweka picha ya mwaka 1929 ya watu wawili wamesimama mbele ya rundo la nzi. Siku hizo wafanyakazi walitakiwa kuleta nzi 50 kila siku ndipo wapewe posho. Kama mtu wa makumbusho angalitupa visanduku, na uwanda ungalijaa maduka pasipo mtu kuuonyesha, leo nani angalisadiki habari hiyo? Kuta zile zatulinda sisi pia, kwa kuwa zinashuhudia.

Jumatatu tuliwapa wanafunzi kazi. Kila mmoja achague nyumba moja ya zamani katika komini, aichore, aandike imejengwa kwa nini, nani alikaa na nani anakaa sasa, na kama kiwanja kina kijumba nyuma. Daftari zilirudi baada ya wiki mbili. Mtoto mmoja aliandika kwamba alipokwenda mara ya pili alikuta nyumba yake imezungushiwa mabati, na fundi hakumruhusu kuchungulia. Yule wa Kamalondo alileta mchoro mzuri, isipokuwa kijumba cha boi alikifanya kikubwa kuliko nyumba ya mbele. Hatukumsahihisha.