Tangi la Miamba Kando ya Ziwa Kivu: Elimu ya Maji kwa Mfugaji wa Samaki wa Nyumbani

Tangi la miamba ya bahari ni chombo cha kioo ambamo mfugaji hukusanya maji ya chumvi, mawe, matumbawe na samaki wachache, kisha hujitahidi kuyaweka maji hayo katika hali ileile siku zote, kwa kuwa viumbe wa miambani wamezoea bahari isiyobadilika kwa ghafla. Matumbawe ni wanyama wadogo wanaojijengea mifupa ya chokaa, nao huhitaji maji yenye gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, joto la nyuzi 25 au 26 za Selsiasi, kalsi ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na pH kati ya 8.1 na 8.4. Kipimo cha pH huonesha uchachu au ualkali wa maji: namba 7 ndiyo ya kati, iliyo chini yake ni ya maji machachu, na iliyo juu yake ni ya maji ya kialkali. Kwa mkazi wa Mombasa au Unguja maji ya namna hiyo yapo ufukweni. Kwa mkazi wa Goma, mji uliojengwa juu ya lava katikati ya bara, kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, tangi la lita 100 lingedai kilo tatu na nusu za chumvi maalumu iliyoagizwa kutoka mbali, na gramu 700 nyingine kila zinapobadilishwa lita 20, tena ziyeyushwe katika maji yaliyokwisha kuondolewa madini yote.

Hata hivyo, elimu iliyozaa tangi la miamba haikomei baharini. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, nchini Indonesia, alieleza katika jarida la wafugaji wa samaki la Marekani jinsi alivyotunza matumbawe kwa maji ya bahari, mwanga, viputo vya hewa na mawe yaliyotolewa baharini yakiwa bado na viumbe vyake, bila kutegemea mitambo mikubwa ya kuchuja. Jiwe lenyewe, kwa vitundu vyake vingi, ndilo lililoyasafisha maji. Kanuni hiyo inaweza kutumika Goma bila gramu moja ya chumvi ya kununua, kwa sababu mji huo una mawe yenye vitundu kila upande, na mbele yake lipo ziwa ambalo maji yake ni ya kialkali kuliko hata ya bahari. Makala haya yanaeleza namna ya kuandaa tangi dogo la miamba ya Ziwa Kivu, na sababu ya kila hatua.

Maji na asili yake

Ziwa Kivu lilipata umbo lake la sasa baada ya volkano za Virunga kuziba njia ambayo maji yaliipitia zamani kuelekea kaskazini, ndipo ziwa lilipojaa na kutafuta mlango mpya upande wa kusini, kupitia Mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Chemchemi zinazotoka chini ya miamba ya volkano huliingizia ziwa chumvi na gesi nyingi, na kwa kuwa maji mazito ya kilindini hayachanganyiki na yale ya juu, hewa ya kaboni na methani hubaki zimefungwa huko chini, ilhali oksijeni haivuki mita sitini au sabini tangu usoni. Samaki wote huishi katika tabaka hilo la juu, lenye joto la nyuzi 23 hadi 25, pH ya 9 au zaidi kidogo, na chumvi ya gramu moja hivi kwa lita.

Chumvi hiyo haifanani na ya mezani. Sehemu yake kubwa ni sodiamu, magnesi na bikaboneti, yaani kiambata cha kaboni kinachozuia maji yasigeuke kuwa machachu kwa urahisi. Kalsi ni chache, kwa sababu katika maji ya kialkali kama hayo hugeuka chembe za chokaa na kuzama. Kwa hiyo matumbawe hayawezi kuishi humo kamwe, lakini mfugaji hupata faida ambayo mwenye tangi la bahari huigharimia fedha nyingi, nayo ni maji ambayo pH yake haiyumbi.

Maji ya kuchota yanapaswa kutoka mahali penye mawe, mbali na bandari, mitaro na sehemu za kufulia, kisha yachujwe kwa kitambaa na kuachwa siku nzima yatulie. Maji ya bomba, au yale yaliyotiwa klorini kwenye vituo vya kutekea ili kuua vijidudu vya kipindupindu, yanafaa kwa kunywa lakini huwaua samaki pamoja na bakteria wanaowasaidia, hivyo ni lazima yakae wazi saa 24 au zaidi yakipuliziwa hewa kabla ya kutumiwa. Maji ya mvua yasitegemewe, kwa kuwa moshi wa volkano ya Nyiragongo huyatia uchachu na florini. Tena, kwa vile kipindupindu huzuka mara kwa mara katika mji huu na maji ya ziwa ni njia mojawapo ya kukieneza, mfugaji asinyonye mpira wa kutolea maji kwa mdomo, na anawe mikono kwa sabuni kila amalizapo kazi, akiisuuza vizuri kabla ya kuligusa tena tangi.

Jiwe na wakazi wake wasioonekana

Samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu, kupitia mashavu yake, na chakula kinachooza huiongeza. Katika tangi lililokomaa kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mpaka itakapopunguzwa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hujishikiza juu ya vitu vigumu palipo na oksijeni, ndiyo maana jiwe lenye vitundu lina thamani kuliko jiwe laini, kwani uso wake wote, wa nje na wa ndani, ni makazi yao.

Mawe ya volkano, ambayo wakazi wa Goma huyaita makoro, yanafaa sana kwa kazi hiyo. Yachaguliwe yale ya zamani yaliyokwisha kusuguliwa na maji ukingoni mwa ziwa, yasiyo na mafuta wala kutu, yasuguliwe kwa brashi bila sabuni, kisha yalowekwe siku kadhaa huku maji yakibadilishwa. Yasichemshwe wala kuwekwa motoni, kwa sababu unyevu uliojificha ndani ya vitundu unaweza kulipasua jiwe. Upangaji uanze kwenye sakafu ya kioo, mawe makubwa yakitangulia chini na mchanga ukimwagwa baadaye, ili samaki wanaopenda kuchimba wasije wakayaporomosha.

Katika maji ya Kivu suala la amonia lina uzito wa pekee. Amonia huwa na sura mbili majini, moja yenye sumu kali na nyingine yenye madhara madogo, na pH ndiyo inayoamua ipi itazidi. Maji yenye joto la nyuzi 25 yakiwa na pH 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia moja. Yakiwa na pH 8, ni asilimia tano hivi. Yakiwa na pH 9, hupita theluthi moja ya amonia yote. Maana yake ni kwamba uchafu uleule ambao samaki wa mto wenye maji machachu angeweza kuuvumilia, humuua samaki wa Kivu kwa saa chache, na kosa la kutia samaki siku ileile tangi linapojazwa huadhibiwa hapa vikali kuliko karibu mahali pengine popote.

Kwa sababu hiyo tangi huanzishwa bila samaki. Baada ya maji, mawe na pampu ya hewa kuwekwa, mfugaji hutia chembe chache za chakula kila siku ili zioze na kuwalisha bakteria, naye hupima amonia na nitriti kwa dawa za matone au karatasi za kupimia. Amonia itapanda kisha ishuke, nitriti itafuata njia hiyohiyo, na kwa kawaida kazi nzima huchukua wiki nne hadi nane. Jiwe moja au mawili yaliyotolewa ziwani yakiwa bado mabichi, yenye utelezi wake, hufupisha muda huo, kama yalivyofanya mawe ya Lee Chin Eng. Vipimo vyote viwili vikisoma sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, hapo ndipo samaki anaweza kuingia.

Hewa, umeme na ardhi inayotikisika

Kadiri mahali panavyoinuka, ndivyo kanieneo ya hewa inavyopungua na ndivyo maji yanavyoshika oksijeni kidogo. Maji yasiyo ya bahari yenye joto la nyuzi 24 hushika miligramu 8.4 hivi za oksijeni kwa lita usawani mwa bahari, lakini Goma hayapiti miligramu 7. Samaki wa Kivu wamezaliwa katika hali hiyo, ila akiba iliyopo tangini ni ndogo, na umeme unapokatika usiku hupungua haraka. Tangi lifaalo basi ni pana kuliko lilivyo refu kwenda juu, ili uso wa maji uguse hewa nyingi: lenye urefu wa sentimita 80, upana wa 35 na kimo cha 40 hubeba lita 112. Pampu ndogo ya hewa iunganishwe na betri inayochajiwa kwa sola. Chumba chenyewe kiwe na madirisha, hasa katika sehemu za bondeni ambako mazuku, yaani hewa ya kaboni inayotoka ardhini na kutuama mashimoni, ni hatari kwa watu kabla ya kuwa hatari kwa samaki.

Maji hayo pamoja na mawe na kioo huzidi kilo 150, uzito ambao sakafu ya nyumba ya mbao haiwezi kuubeba bila meza imara inayosimama juu ya jiwe au saruji. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 ardhi ya Goma ilitikisika kwa siku nyingi mfululizo, kama ilivyotikisika baada ya ule wa tarehe 17 Januari 2002, na kwa hiyo meza iwe fupi, tangi lilazwe juu ya godoro jembamba la sponji, na maji yaishie sentimita tano chini ya ukingo.

Samaki na malisho yao

Ziwa Kivu lina spishi 15 za samaki wa jamii ya Haplochromis ambazo asili yake haipatikani katika ziwa jingine lolote duniani, na mwaka 1994 mtaalamu wa samaki Jos Snoeks alizichambua zote katika kitabu kilichotolewa na jumba la makumbusho la Tervuren, nchini Ubelgiji. Kila moja ina riziki yake: Haplochromis vittatus huwinda samaki wengine, kamiranzovu hula mimea midogo inayoelea, na olivaceus hukwangua mwani juu ya mawe. Huyu wa mwisho ndiye anayelifaa zaidi tangi la miamba, kwa kuwa mwanga wa saa nane hadi kumi kwa siku humwoteshea chakula chake mwenyewe mawe yanapofunikwa na kijani.

Dume mmoja na majike wanne au watano wanatosha kwa lita 112. Dume hujitwalia jiwe na kulilinda, na majike wakiwa wengi ukali wake hugawanyika. Jike hutaga mayai kisha huyachukua kinywani, akayalea humo pamoja na vifaranga kwa wiki mbili au tatu bila kula. Wavuvi wa ndoana wanaovua karibu na mawe ndio wawezao kumpata samaki mzima asiyejeruhiwa, nao waendewe kwa idhini ya mamlaka ya uvuvi, wakichukuliwa samaki wachache tu.

Chakula kiwe kidogo, kinachokwisha ndani ya dakika mbili: majani ya lengalenga yaliyochemshwa na kukatwakatwa, pamoja na unga kidogo wa sambaza (dagaa wa ziwa hili) mkavu aliyesagwa, mara moja moja. Kila wiki iondolewe bidoni moja ya lita 20 na irudishwe bidoni moja ya maji mapya yenye joto lilelile. Yale yanayokauka hewani yafidiwe kwa maji ya ziwa vilevile, kwani yakikauka lita mbili kwa wiki chumvi ya tangi hupanda kwa sehemu moja ya kumi tu na kukomea hapo.

Wajibu wa mwenye tangi

Upande wa kusini, kule Mto Ruzizi unakoishia, Mbelgiji Pierre Brichard alianza mwaka 1971 kusafirisha kutoka Burundi samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika, na tangu hapo samaki wa miamba hiyo wamefugwa Ulaya, Amerika na Asia. Mfugaji wa Goma anaweza kutamani kuwapata, lakini historia ya Kivu inamwonya. Sambaza wenyewe waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 ili kuwapa watu kitoweo, na leo wanalisha miji yote ya ukingoni. Hata hivyo walileta mabadiliko makubwa katika viumbe vidogo vinavyoelea ziwani, na mwaka 2006 samaki mwingine wa Tanganyika, Lamprichthys tanganicanus, alionekana Kivu bila mtu kumkaribisha rasmi. Tangi lililo hatua chache kutoka ufukweni ni mlango mwingine wa aina hiyo. Kwa hiyo samaki wa ziwa jingine asifugwe Goma, na hata samaki wa Kivu aliyeishi tangini asirudishwe ziwani, kwa kuwa anaweza kubeba ugonjwa alioupata humo.

Sharti hilo halimnyimi mfugaji kitu. Yapo matangi mengi duniani yenye matumbawe, na wenyewe hutumia fedha nyingi kuiga bahari iliyo mbali nao, wakati spishi 15 za Kivu hazijulikani hata kwa majina na wengi wa wanaochota maji ziwani kila asubuhi. Shule au familia ya Goma inayotunza mawe machache, samaki sita na bidoni moja ya maji kila wiki, ikiandika pH, joto, siku ya kutaga na siku ya vifaranga kutoka kinywani, itakuwa inakusanya maarifa juu ya samaki hao ambayo bado ni machache sana vitabuni, na itawalea vijana wanaojua kwa nini sabuni na taka zinazotupwa ukingoni zinawahusu.