Miaka Ishirini Baada ya Kisu

Mwaka 1987, huko Gothenburg nchini Uswidi, Profesa Lars Sjöström na wenzake walianza kutafuta jibu la swali ambalo wengi walidhani limeshajibiwa: mtu mwenye unene uliopitiliza akipungua, na akabaki amepungua, ataishi zaidi? Kwamba unene huleta kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo lilijulikana. Lakini tafiti kadhaa za wakati ule zilionyesha kuwa watu waliopungua uzito walikufa mapema kuliko wenzao, labda kwa sababu wengi wao walikuwa wamekondeshwa na ugonjwa. Ushahidi wa upande wa pili haukuwepo.

Njia safi ya kujua ingekuwa kupiga kura: huyu apasuliwe tumbo ili apungue, huyu aachwe, kisha wote wafuatiliwe. Kamati za maadili zilikataa. Siku zile upasuaji huu uliua mgonjwa 1 hadi 5 katika kila 100, na kumpeleka mtu kwenye meza hiyo kwa kura lilikuwa jambo lisilokubalika. Sjöström akashika njia nyingine. Waliotaka kupasuliwa walipasuliwa, na pembeni yao likaundwa kundi la wenzao wasiopasuliwa, ambalo kwa ujumla lilikaribiana nao kwa jinsia, umri, uzito, uvutaji wa sigara na mengineyo. Hao waliendelea na matibabu ya kawaida katika vituo vya afya vya kwao. Usajili ulipofungwa mwaka 2001 walikuwa wamefika 4,047, wote wakiwa wameingia na umri wa miaka 37 hadi 60. Walikuwa wanene hasa: mwanamke wa urefu wa mita 1.65 hakupokelewa akiwa chini ya kilo 103.

Utafiti usio wa kura huacha mwanya wa shaka, kwani anayechagua kisu huenda si sawa na asiyekichagua. Hata hivyo, waliopasuliwa Uswidi walianza wakiwa wazito zaidi na wavutaji sigara zaidi kuliko wenzao. Kama kulikuwa na upendeleo hapo, ulikuwa dhidi yao.

Miaka 2 baadaye waliopasuliwa walikuwa wamepoteza wastani wa asilimia 23 ya uzito wao. Kisha kilo zikaanza kurudi, zikafikia kikomo, na mwaka wa 20 bado walikuwa chini kwa asilimia 18. Wenzao waliopewa matibabu ya kawaida hawakusogea: kwa miaka 15 wastani wao haukupanda wala kushuka kwa zaidi ya asilimia 2. Wale wanaowaambia watu wanene kwamba wangekuwa na nia wangepungua, waisome tena sentensi hiyo.

Na vifo? Hesabu ya mwaka 2007, baada ya wastani wa karibu miaka 11, ilikuta vifo 129 kwa wasiopasuliwa na 101 kwa waliopasuliwa. Hesabu ya mwaka 2020 ilikwenda mbali zaidi: waliopasuliwa wanaishi takriban miaka 3 zaidi ya wenzao. Magazeti yaliipenda namba hiyo. Namba iliyokaa pembeni yake haikupata nafasi kubwa, nayo ni kwamba hata hao waliopasuliwa wanaishi miaka 5 na nusu pungufu ya Waswidi wa kawaida. Kisu kilirudisha sehemu tu ya kilichopotea.

Habari ya kisukari ndiyo iliyowashangaza wataalamu. Kati ya waliokuwa nacho, asilimia 72 hawakuwa nacho tena miaka 2 baada ya upasuaji. Kufikia mwaka wa 15 walibaki asilimia 30. Tena, kwa aina ya upasuaji inayokipitisha chakula pembeni, kikaruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo mdogo, sukari hushuka ndani ya siku chache, kabla mgonjwa hajapungua kiasi cha maana. Kula kidogo kunachangia, ila kuna zaidi. Chakula kikifika haraka sehemu za chini za utumbo, homoni iitwayo GLP-1 hupanda, nayo huichochea kongosho kutoa insulini na kuupa ubongo habari ya shibe. Sindano za semaglutide zinazosifiwa leo duniani kote zinaiga homoni hiyo hiyo.

Ugumu uko kwenye kuchagua nani apasuliwe. Hospitali nyingi huangalia BMI, yaani uzito uliopimwa dhidi ya urefu. Takwimu za Uswidi zilionyesha kuwa BMI ya mwanzo haikutabiri nani angeepushwa na mshtuko wa moyo au kiharusi. Kiwango cha insulini kwenye damu kilitabiri vizuri zaidi. Kwa maoni yangu hili ndilo tunda kubwa la utafiti mzima, na ndilo lililopuuzwa zaidi.

Gharama zake zipo pia. Aliyepasuliwa huhitaji vitamini B12, madini ya chuma, kalsiamu na vitamini D maisha yake yote. Pombe humlevya upesi zaidi. Utafiti wa Utah, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ulikuta vifo vya maradhi vimepungua kwa nusu, ila vifo vya ajali, kujiua na vinginevyo visivyo vya maradhi vilizidi kwa asilimia 58. Aidha, wengi wa wagonjwa wa Uswidi walifanyiwa aina ya upasuaji ambayo leo imeachwa karibu kabisa.

Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili Mloganzila, Tanzania, wapo wanaowekewa puto tumboni ili wapungue. Puto halikati kitu, na huondolewa baada ya miezi kadhaa. Matokeo ya Uswidi si ya puto, na anayekuuzia puto kwa namba hizo anakudanganya. Kama ni upasuaji wenyewe unaoufikiria, usiishie kuuliza utapungua kilo ngapi. Uliza insulini yako ikoje leo, na ni nani atakayekuwa akipima damu yako miaka 10 ijayo. Kliniki isiyo na jibu la swali hilo la pili, tafuta nyingine.