Chemchemi za Mzima: Njia Fupi Inayofichua Asili ya Maji ya Mombasa

Katika Mbuga ya Kitaifa ya Tsavo Magharibi, mgeni hutazama wanyama akiwa ndani ya gari. Chemchemi za Mzima ni miongoni mwa sehemu chache anaporuhusiwa kutembea kwa miguu, akiongozwa na askari wa Shirika la Wanyamapori (KWS). Njia yenyewe ni fupi. Hupita chini ya migunga na mikuyu, ikifuata mabwawa ya maji maangavu, hadi kwenye chumba cha vioo kilichozamishwa majini.

Maji hayo hayatoki jirani. Mvua inayonyesha kwenye Vilima vya Chyulu haifanyi mito, kwa kuwa miamba ya volkeno ya huko ina vitundu vingi. Maji hupenya chini, husafiri takriban kilomita 50 na hukadiriwa kuchukua hata miaka 25 kabla ya kububujika Mzima, yakiwa yamechujwa. Kutoka hapo huulisha Mto Tsavo. Sehemu yake huchukuliwa kwa bomba lililojengwa miaka ya 1950 na kupelekwa Mombasa, umbali wa zaidi ya kilomita 200.

Wengi huingia katika chumba cha vioo wakitarajia kumwona kiboko, wakatoka wamevunjika moyo kwa kuona samaki tu. Lakini samaki hao ndio kiini cha habari. Usiku kiboko hutoka kula nyasi nchi kavu. Mchana hurudi na kuacha kinyesi bwawani. Kinyesi hicho hulisha wadudu na konokono, nao huliwa na samaki, ambao huwindwa na mnandi na mamba. Samaki wa jamii ya ningu hata humsafisha kiboko ngozi.

Kwa hiyo ukame huigusa Mzima kwa namna isiyotarajiwa. Maji huendelea kutiririka, ila nyasi za kandokando zikiisha, kiboko hufa njaa akiwa amezungukwa na maji tele, na mnyororo wote hulegea. Ukataji wa misitu ya Chyulu ni tishio la aina nyingine, kwani athari zake kwenye chemchemi huenda zisionekane mapema.

Wageni wanashauriwa kufika asubuhi, wasiachane na askari, na kamwe wasisimame kati ya kiboko na maji.