Mwalimu wa Mrima Katika Chuo cha Hegel

Paukwa! Pakawa! Haya wajukuu zangu wa Old Korogwe, leo simleti sungura wala fisi. Kisa hiki ni cha watu wa kweli.

Alikuwako Ujerumani mwanafalsafa aitwaye Hegel. Alifundisha Chuo Kikuu cha Berlin tangu 1818 hadi alipofariki mwaka 1831. Aliwaambia wanafunzi wake kuwa Afrika haina historia, na kwamba historia ya dunia imefikia kilele Ulaya. Afrika kwenyewe hakufika. Abiria wa basi lipitalo hapa usiku kwenda Arusha angalau ameziona taa zetu. Hegel hakuona hata hizo.

Maneno hayo yaliwafaa waliokuja kututawala. Mtu ukishasema hana historia, humwulizi ardhi hii ni ya nani. Watawala hao walikuwa Wajerumani, na mwaka 1902 reli yao kutoka Tanga ikafika hapa Korogwe.

Sasa sikilizeni ajabu. Reli ilipofika kwetu, Mswahili alikuwa Berlin anafundisha! Ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, wa Dunda, karibu na Bagamoyo. Aliwafundisha Kiswahili Wajerumani waliojiandaa kuja huku, katika chuo cha lugha kilichokuwa chini ya chuo kikuu kilekile cha Hegel. Mwaka 1903 kikachapishwa kitabu, Desturi za Wasuaheli, na sehemu kubwa aliiandika yeye: ndoa, jando, ngoma, sheria za watu wa Mrima, yaani wa pwani ya bara. Kumbe wasio na historia wana kitabu!

Je, waliomsoma walimheshimu? Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, Mjerumani. Mwaka uliofuata wakapanda meli kuja Afrika. Serikali ya koloni haikukubali Mwafrika ashuke na mke Mzungu, ikawabidi warudi. Mtoro alifia Berlin mwaka 1927. Elimu yake waliitaka, utu wake wakaukataa.

Hata hivyo kalamu haikuanguka. Mbondei wa jirani hapa, Martin Kayamba, alikwenda London, kwa watawala waliofuata, mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza. Akaandika kwa Kiswahili aliyoyaona huko. Safari hii Mzungu ndiye aliyetazamwa.

Mkikua, msomeni Hegel, lakini Mtoro naye awe mezani. Na leo kabla hamjalala, waulizeni bibi zenu habari za Korogwe ya zamani, kisha mziandike.