Eafoni ya Elfu Hamsini na Sauti ya Marijani

Minada ya korosho ikianza mwezi wa kumi, na vyama vya msingi vilivyo chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI vikianza kulipa wakulima, meza yangu hapa Lionja hujaa vijana na eafoni zao. Mmoja analeta iliyokufa upande wa kulia. Mwingine kanunua mpya kwa machinga, ya elfu tatu au ya elfu tano, boksi limeandikwa besi kwa herufi za moto. Mimi ni fundi simu, na pia naingiza nyimbo kwenye memori kadi, kwa hiyo hakuna eafoni inayopita mezani bila kuisikiliza. Ninachokiamini ni hiki: eafoni ya bei ya chini inaweza kuwa nzuri kabisa, na wa kukuhakikishia ni wimbo unaoujua tangu utotoni. Boksi haliwezi.

Nazungumzia zile za kuingia ndani ya tundu la sikio, zenye kimpira mbele. Hapo kwenye kimpira ndipo pa kuanzia, maana ndipo wengi wanapopoteza fedha zao. Besi inahitaji hewa iliyofungiwa kati ya spika na ngoma ya sikio. Kimpira kikiwa kidogo kuliko tundu lako, hewa inavuja na besi inakwenda nayo. Kijana anasema eafoni mbovu, anaitupa, kumbe ilimfaa kaka yake mwenye masikio madogo. Ndani ya boksi mara nyingi huwa kuna vimpira vya saizi tatu. Jaribu vyote, na usishangae sikio la kushoto likitaka saizi tofauti na la kulia. Ukiingiza, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili ili tundu linyooke. Ukiisha kuweka, ongea. Sauti yako ikivuma kichwani, imeziba.

Tundu lenyewe lina urefu wa kama sentimita mbili na nusu, na likiwa wazi hukuza sauti zilizo karibu na hezi 3,000, ambako ndiko uliko uwazi wa maneno ya mwimbaji. Ukiliziba, ukuzaji ule wa asili unavurugika, na mtengenezaji inabidi aurudishe yeye mwenyewe anapoitengeneza sauti ya spika yake. Asipourudisha, mwimbaji anasikika kama yuko chumba cha pili. Akizidisha, sauti inachoma. Ndiyo maana eafoni mbili zenye spika za ukubwa uleule, pengine zilizotoka mji mmoja wa China, zinaimba tofauti kama zinapiga nyimbo mbili.

Sasa kipimo changu. Nyimbo nyingi za dansi tulizorithi kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam ni mono: kushoto na kulia inatoka sauti ileile. Nakala yangu ya "Georgina" ya Marijani Rajab iko hivyo. Eafoni iliyolingana pande zote inamweka Marijani katikati ya kichwa, palepale, hasogei. Akiegemea kushoto, geuza: ya kushoto iweke kulia, ya kulia iweke kushoto. Akihamia kulia, basi eafoni ndiyo ina kasoro. Akibaki kushoto, tatizo liko sikioni mwako, ama kimpira hakijakaa, ama kuna nta. Hakuna mashine hapo, wala kipimo hiki hakigharimu senti, na kinakamata eafoni mbovu ambazo muuzaji mwenyewe hajui kuwa ni mbovu.

Kisha naweka DDC Mlimani Park, bendi iliyoanza mwaka 1978. Mwanzoni wimbo unakwenda taratibu, waimbaji wanasimulia. Ukiingia kwenye chemko, solo na rizimu zinaanza kujibizana, besi inatembea chini yake, tumba zinajaza. Hapo eafoni inajulikana. Iliyojazwa besi ili iuzike inafunika gita la rizimu kabisa, unabaki na mngurumo na sauti ya mtu. Iliyo nzuri inakuwezesha kulichagua gita moja na kulifuata mpaka mwisho wa wimbo. Niliwahi kumvalisha mzee mmoja, mkulima wa ufuta, eafoni ya namna hiyo. Alisikiliza kimya, kisha akauliza, "Mwanangu, kumbe humu kuna mtu anapiga tumba?" Nikamwambia, "Yupo, babu, tangu siku waliyorekodi." Aliurudia wimbo ule tangu mwanzo. Kwenye redio yake ya nyumbani tumba zile hazikuwahi kumfikia.

Kwa sauti za juu natumia taarabu ya Unguja, Culture Musical Club. Ala ya kanuni ina nyuzi nyingi zinazodonolewa haraka, na kila uzi unatakiwa uanze na uishe peke yake. Eafoni hafifu inazigeuza kuwa mchakacho. Fidla nayo ikichoma, ujue sauti za juu zimepandishwa kupita kiasi. Vijana wanaleta singeli, na singeli ni mtihani wa haki kabisa: mapigo yanapita 200 kwa dakika, na spika isiyojua kusimama inalibeba pigo moja mpaka ndani ya jingine. Tahadhari ni faili lenyewe. Wimbo uliopita kwenye simu kumi, ukabanwa kila mara, hauponyeki kwa eafoni yoyote, na eafoni nzuri ndiyo itakayokuonyesha ulivyochakaa. Tafuta nakala ya kilobiti 320, au angalau 128, ndipo uhukumu.

Bei nayo isikutishe. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283, za kuvaa juu ya masikio na za kuingia ndani, akakuta bei haiendi sambamba na mpangilio wa sauti. Ghali inaweza kuwa hovyo. Vifaa hivi vilianza vikiwa vya wachache: Etymotic ilitoa ER-4 mwaka 1991, na mwaka 1995 fundi sauti Jerry Harvey alimtengenezea mpiga dramu Alex Van Halen za kuvaa jukwaani, kazi iliyozaa kampuni ya Ultimate Ears. Baadaye viwanda vya China vikashusha bei mpaka kwetu tukaweza kuzitamani. Mwaka 2022 zilitoka Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero, kila moja kwa kama dola 20, yaani takriban shilingi elfu hamsini, na wasikilizaji wa nchi nyingi wakazisifu kuliko vitu vya bei iliyozidi hiyo mara kadhaa. Kwa mkulima elfu hamsini ni fedha. Lakini hesabu za elfu tatu anazonunua na kutupa kwa mwaka mzima.

Kati ya hizo mbili mimi ningechukua Zero, kwa sababu ya waya. Chu ile ya kwanza waya wake hautoki. Wa Zero unachomoka kwa pini mbili, ukikatika unanunua waya peke yake. Nasema hivi kwa kuwa eafoni nyingi ninazoletewa spika ni nzima. Kilichokatika ni waya, karibu na jeki au pale unapogawanyika. Ukiufungua unakuta nyuzi nyembamba za shaba, nyekundu, kijani na nyingine ya rangi ya dhahabu, zimesokotwa na uzi wa nailoni. Rangi hizo ni vanishi, na vanishi haipitishi umeme. Usipoichoma kwanza kwa ncha ya solda mpaka ifuke moshi na shaba ikubali risasi, utaunganisha mpaka kesho na sauti haitoki. Mafundi wengi wachanga hukwama hapo.

Waya una faida nyingine vijijini. Simu zetu ndogo zenye redio ya FM zinautumia waya wa eafoni kama antena. Ukichomoa, stesheni inapotea. Bluutuuthi haikupi faida hiyo, na inataka chaji yake. Kama simu yako haina tundu la jeki, utahitaji kigeuzi cha Taipu-C, nacho kiingize kwenye bajeti.

Kuhusu sauti kubwa sicheki na mteja. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda unakatwa nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Masikio yakiziba vizuri, mashine ya kusaga hapo jirani inapungua nawe unashusha sauti, kwa hiyo kimpira kinachokaa kinakulinda pia. Ila ukiwa kwenye bodaboda vua zote mbili, maana lori la nyuma hutalisikia.

Asiye na elfu hamsini msimu huu namwambia hivi: nenda kwa muuzaji na memori kadi yako, wimbo wako wa mono ndani yake. Chagua yenye vimpira vya saizi tatu. Tazama kama waya umepewa shingo ya mpira pale unapoingia kwenye jeki. Mwombe akufungulie mbili tatu, uvae, ugeuze kushoto na kulia. Akikataa kukufungulia, meza ya pili haiko mbali. Na ukiisha kuinunua, kila baada ya muda ielekeze wavu wake chini, uupige mswaki mkavu, nta na vumbi vidondoke nje visije vikaingia kwenye spika.