Je, Wajua? Karakana Uani

Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani, kikikunjwa na kutupwa pembeni, huweza kuwaka bila kiberiti. Mafuta hayo hutoa joto yakikauka, na ndani ya mikunjo joto halina pa kutokea. Fundi anayepaka mbao mafuta hayo aitenge karakana na vyumba vya kulala.

Lubutu, mkoani Maniema, iko kilomita zipatazo 80 tu kusini mwa ikweta. Kati ya Aprili na Agosti, jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Novemba hadi Februari, kusini. Paa la karakana huko lichomoze pande zote mbili ili kukinga jua.

Na mvule? Ndani ya gogo lake huweza kujificha jiwe jeupe la chokaa, lililotengenezwa na mti wenyewe. Msumeno ukiligonga, meno kwisha!