Dawa ya Mgongoni kwa Wenye Pumu

Mimi nina pumu tangu utoto wangu. Wakati wa kiangazi hapa Giheta, vumbi na baridi ya alfajiri hunibana kifua hata nikashindwa kupanda mlima wa kwenda shuleni. Rafiki alinisifia dawa ya Kichina ya kubandika, nami nikataka kuijua kwanza.

Zhang Lu, tabibu wa China, aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1695. Mbegu za haradali nyeupe husagwa pamoja na mitishamba mingine, zikakandwa kwa maji ya tangawizi. Kisha madonge madogo hubandikwa mgongoni, mahali ambapo, kwa elimu ya Wachina, huhusiana na mapafu. Hufanywa mara tatu, kila baada ya siku kumi hivi, katika joto lao la Julai na Agosti, ili kuzuia pumu ya majira ya baridi.

Haradali huwasha, na pengine ngozi hufanya malengelenge. Tena njia za pumzi zikijibana ghafula, kinachozifungua ni dawa ya kuvuta, wala si donge la mgongoni. Kwa hiyo, ndugu yangu, hata ukibandikwa, usiiache dawa yako ya kuvuta. Yangu imo mfukoni ninapoandika haya.